Umeambiwa Una Uvimbe kwenye Ovari? Soma Kwanza Cheti Chako

Umetoka chumba cha ultrasaundi, ile jeli ya baridi bado inakunata tumboni, na mkononi una bahasha ya kaki. Mpimaji hakusema mengi: "Una uvimbe kwenye ovari ya kushoto, mpelekee daktari." Kisha akaita jina la anayefuata. Daktari naye yuko raundi wodini, atarudi saa nane. Unakaa kwenye benchi na simu yako, na kabla hujanyanyuka hapo imeshakuonyesha vitu viwili: picha za saratani, na tangazo la unga wa kuyeyusha uvimbe kwa siku 21.

Weka simu pembeni. Toa hicho cheti tukisome pamoja. Atakayeamua matibabu ni daktari wako, lakini ukiingia kwake unajua karatasi yako inasema nini, hutapoteza dakika zako tano kwa kuitikia tu.

Uvimbe uko wapi?

Kiswahili chetu kina neno moja, uvimbe, na tunalitumia kwa kila kilichoota mahali kisipotakiwa. Akina mama wawili wanaweza kukaa benchi moja, wote "wana uvimbe kwenye kizazi", kumbe matatizo yao hayana hata undugu. Mmoja ana fibroidi, yaani nyama iliyoota kwenye msuli wa kizazi. Mwingine ana kifuko chenye majimaji kwenye ovari, kile kiungo cha pembeni kinachotunza mayai. Hedhi nzito ya mabonge mara nyingi ni tabia ya huyo wa kwanza, si ya huyu wa pili. Kwa hiyo jirani akikusimulia wake ulivyoondolewa pamoja na kizazi chote, mpe pole, ila usiichukue habari yake ukaifanya yako.

Yupo na wa tatu, aliyeandikiwa "polycystic ovaries". Jina lenyewe linapotosha. Vile vidoa vyeusi vilivyopangana pembezoni mwa ovari kama shanga ni vifuko vya mayai ambayo hayajakomaa, kila kimoja milimita 2 hadi 9, na shida yenyewe ni ya homoni. Hapo hakuna cha kupasua wala cha kuyeyusha. Huyo anahitaji mwongozo wake peke yake.

Kwa nini ovari hutengeneza vifuko

Ovari ziko mbili, kila moja ina ukubwa wa tende nono. Mwanzoni mwa kila mzunguko vifuko kadhaa vyenye maji huanza kukua humo, kila kimoja na yai lake. Kimoja huwapita wenzake, hufika milimita 20 au zaidi kidogo, kisha hupasuka na kuliachia yai. Ganda lililobaki haliendi bure. Hugeuka kitezi cha rangi ya manjano kinachotoa homoni ya kuitunza mimba ikitunga. Isipotunga, hunywea ndani ya wiki mbili hivi na hedhi inakuja.

Maana yake ni kwamba mwanamke mzima asiye na tatizo lolote, ukimpima katikati ya mwezi wake, utamkuta na kifuko cha maji. Kwa anayepata hedhi, kifuko cha maji matupu kisichozidi sentimita 3 ni kazi ya kawaida ya ovari. Hata hivyo kuna wapimaji wanaokiandika "cyst", na kuna wanaouza dawa kwa sababu ya neno hilo.

Mara nyingine kifuko hakipasuki kwa wakati wake, kikaendelea kujaa. Mara nyingine kile kitezi cha manjano huvujia damu kwa ndani. Vyote viwili ni uvimbe wa kupita, na vingi hupotea vyenyewe ndani ya mizunguko miwili hadi mitatu. Wanaotumia kijiti cha uzazi wa mpango au vidonge vya homoni moja hupata vifuko vya namna hii mara kwa mara. Hilo peke yake si sababu ya kukimbilia kutoa kijiti.

Kusoma cheti, hatua kwa hatua

Cheti karibu kila mara kimeandikwa Kiingereza cha kitaalamu. Usiogope. Unatafuta mambo matano tu.

1. Upande. "Left" ni kushoto, "right" ni kulia, "bilateral" ni pande zote mbili. Linganisha na upande unaokuuma. Maumivu yakiwa kulia na kifuko kiko kushoto, huenda kifuko hakihusiki kabisa, na kinachokuuma bado hakijatafutwa.

2. Ukubwa. Hapa ndipo watu hulia bure. Cheti kinaandika 42 x 38 x 35, mtu anaona arobaini na mbili na miguu inamlegea. Hizo ni milimita. Gawa kwa 10: ni sentimita 4.2 kwa 3.8 kwa 3.5, yaani kitu kisichofika ukubwa wa ndimu nzuri ya sokoni. Namba ziko tatu kwa sababu kimepimwa urefu, upana na kina. Hazimaanishi vifuko vitatu. Chukua iliyo kubwa.

3. Ndani yake kuna nini. Hiki ndicho kipengele kizito kuliko ukubwa, na ndicho wagonjwa wengi hawakiulizi. Kwenye picha, maji matupu huonekana meusi kabisa. Nyama huonekana kijivu. Mfupa na jino hung'aa vyeupe. Ukikuta maneno "simple", "anechoic", "thin wall", kifuko chako ni maji matupu ndani ya ukuta mwembamba, na hiyo ni habari njema. Neno "complex" linatisha kuliko maana yake. Linasema tu kwamba ndani si maji matupu. Huenda ni damu iliyoganda, ambayo huonekana kama wavu wa kuvulia dagaa na baada ya wiki chache haipo. Huenda ni mafuta na nywele. Huenda ni kuta zinazokigawa kifuko vyumba vyumba. Hizo zinaitwa "septa", na zikiwa nyembamba na chache hazina uzito mkubwa. Yanayohitaji haraka ni kuta nene, sehemu ya nyama iliyoandikwa "solid", hasa ikiwa na damu inayopita ndani yake, vinundu vinavyochomoza ukutani, na maji mengi yaliyotapakaa tumboni. Ukikuta haya, usisubiri mzunguko mwingine. Muone daktari bingwa wa magonjwa ya wanawake wiki hiyo hiyo.

Neno "free fluid" huwashtua wengi. Likiambatana na "minimal", maji kidogo nyuma ya kizazi ni ya kawaida, hasa baada ya yai kutoka.

4. Umri wako, na kama bado unapata hedhi. Kifuko kile kile kina maana moja kwa binti wa miaka 24 na nyingine kwa mama wa miaka 60. Kwa wanawake ambao hawajakoma hedhi, uvimbe wa ovari wenye dalili hukutwa ni saratani kwa takriban 1 kati ya 1,000. Wakikaribia miaka 50 ni 3 kati ya 1,000. Baada ya hedhi kukoma ovari haitengenezi tena vifuko vya mwezi, kwa hiyo kila kifuko kinastahili maelezo, ingawa vidogo vya maji matupu hata katika umri huo vingi havina madhara.

5. Siku uliyopimwa. Siku ya kwanza ya hedhi yako ya mwisho imeandikwa kwenye cheti? Mara nyingi haipo. Iandike mwenyewe kwa kalamu. Bila hiyo daktari hawezi kujua kama anaangalia yai linalokaribia kutoka au kitu kingine.

SANDUKU: Ukubwa na hatua inayofuata
(kwa anayepata hedhi, kifuko cha maji matupu, bila maumivu makali)

- Chini ya sentimita 3: kawaida. Hakihitaji kufuatiliwa.
- Sentimita 3 hadi 5, ndimu: mwongozo wa Chuo cha Kifalme cha Madaktari wa Uzazi cha Uingereza unasema hakihitaji kurudiwa kupimwa. Madaktari wengi wa huku hurudia mara moja baada ya wiki 6 hadi 12, na si vibaya.
- Sentimita 5 hadi 7: kipimo kila mwaka.
- Zaidi ya sentimita 7, chungwa kwenda juu: uchunguzi zaidi au upasuaji, kwa sababu ultrasaundi haikioni vizuri chote na hatari ya kujisokota ni kubwa.

Vile visivyopotea vyenyewe

Viwili utavisikia mara nyingi. Cha kwanza ni uvimbe wa damu ya zamani, ambao madaktari huuita wa chokoleti kwa rangi yake. Unatokana na ugonjwa ambao tishu zinazofanana na za ndani ya kizazi huota nje yake. Mwenye nao kwa kawaida ameteseka na maumivu ya hedhi kwa miaka, na ameambiwa kwa miaka hiyo hiyo kwamba akizaa yataisha.

Cha pili ni demoidi, na hiki nitakaa nacho kidogo kwa sababu kimevunja ndoa za watu. Kikifunguliwa hukutwa na mafuta mazito ya manjano, nywele zilizojisokota, na mara nyingine meno kamili. Ndugu wakionyeshwa, neno la kwanza ni kurogwa, na la pili ni jina la wifi au la mke mwenza. Sababu haitoki kwa mtu. Ovari ina chembe za yai, na chembe ya yai ina uwezo wa kutengeneza kila sehemu ya mwili: ngozi, nywele, jino. Chembe moja ikianza kukua bila mbegu ya mwanamume hutengeneza hivyo vipande ovyo, bila mpangilio. Hukua taratibu kwa miaka, huwapata zaidi wanawake vijana, na kwa takriban mmoja kati ya kila 10 huwa kwenye ovari zote mbili. Mara nyingi sana si saratani. Lakini hakiyeyuki kwa dawa yoyote ya kunywa. Jino haliyeyuki.

SANDUKU LA HATARI: Usisubiri asubuhi

Nenda hospitali yenye chumba cha upasuaji ukiona:

- maumivu makali ya ghafla upande mmoja wa chini ya tumbo, hasa yakija na kutapika;
- kizunguzungu, jasho la baridi, kuzimia, au maumivu ya bega huku tumbo linauma: huenda damu inavujia ndani;
- maumivu na umepitisha siku zako, au kipimo cha mimba kimeonyesha ipo: mimba inaweza kuwa imetunga nje ya kizazi, na kwenye picha ikaonekana kama uvimbe tu wa pembeni;
- homa, maumivu na uchafu wenye harufu ukeni: huenda ni usaha.

Hilo la kwanza ni ovari kujisokota. Jaza maji kwenye kiroba, kining'inize kwenye kidole kwa kamba, kisha kizungushe. Kamba inavyojinyonga ndivyo mishipa ya damu ya ovari inavyobanwa. Maumivu yanaweza kupoa kwa saa kadhaa kisha yakarudi, kwa sababu inajisokota na kujifungua. Kupoa huko kumewadanganya wengi. Wamepita duka la dawa, wakapewa za vidonda vya tumbo; wamepita zahanati, wakaambiwa ni U.T.I. Yakiwa upande wa kulia hudhaniwa kidole tumbo. Ovari iliyowahiwa ndani ya saa chache huweza kunyooshwa na kubaki hai. Ukifika mapokezi sema wazi: "Nina kifuko cha sentimita kadhaa kwenye ovari, nahofia kimejisokota." Toa cheti.

Ukiambiwa usubiri, subiri hivi

Kusubiri ni tiba. Ila kuna namna ya kusubiri.

1. Weka tarehe ya kurudi, wiki 6 hadi 12 mbele kama daktari alivyosema, na uilenge iangukie siku ya 4 hadi ya 10 ya mzunguko, ukihesabu siku ya kwanza ya damu kuwa ya 1. Ukipima katikati ya mwezi utakuta kifuko kipya cha mwezi huo, na utaambiwa "bado upo" ilhali ule wa zamani uliondoka zamani.

2. Nenda na cheti cha kwanza. Bila hicho mpimaji hana cha kulinganisha.

3. Kipimo cha juu ya tumbo kinataka kibofu kilichojaa: kunywa kama lita moja ya maji saa moja kabla, usiende haja ndogo. Kipimo cha kupitia ukeni kinataka kibofu kitupu, na huona ovari vizuri zaidi. Kama hujawahi kukutana na mwanamume, sema kabla hujapanda kitandani. Si jambo la aibu, na utapimwa kwa juu. Pia una haki ya kuomba muuguzi wa kike awepo chumbani.

4. Kwa maumivu madogo, parasetamoli inatosha. Ibuprofeni hufanya kazi vizuri zaidi kwa maumivu ya hedhi, ila usiitumie ukiwa mjamzito au ukiwa na vidonda vya tumbo.

Makosa tunayoyaona kila siku

*Kukandwa tumbo.* Mkandaji hodari wa mgongo ni hodari wa mgongo. Kifuko kikikandamizwa huweza kupasuka.

*Dawa za kuweka ukeni.* Dawa hizo haziondoi kifuko kilicho kwenye ovari. Kinachopatikana ni michubuko na maambukizi.

*Kushukuru unga wa siku 21.* Uvimbe wa kupita huondoka wenyewe ndani ya wiki chache. Anayekuuzia dawa kwa muda huo huo hawezi kukosa mashahidi. Muulize ameyeyusha demoidi ngapi.

*Vidonge vya uzazi wa mpango kama kiyeyushio.* Hata hospitalini bado huandikwa. Vinasaidia vifuko vipya visitokee, lakini tafiti zimeonyesha kwamba kilichopo tayari hakiondoki haraka zaidi kwa kuvimeza.

*Kukimbilia kipimo cha damu cha CA-125.* Kiwango cha kawaida ni chini ya 35, na mtu akipata 80 anaanza kuaga watoto. Lakini hupanda pia kwa hedhi, mimba, fibroidi, maambukizi ya nyonga, ule uvimbe wa chokoleti, na kifua kikuu cha tumbo, ambacho huku kwetu si kigeni. Na takriban nusu ya saratani za ovari zilizo hatua ya kwanza hazikipandishi. Kwa aliyekoma hedhi kina maana kubwa. Kwa msichana mwenye kifuko cha maji matupu ni fedha iliyopotea na usingizi uliopotea.

*Kunyonywa maji kwa sindano.* Hurudi kujaa mara nyingi, na kama kumbe ni saratani, sindano inaweza kuisambaza.

Kama una mimba

Kifuko kinachokutwa kwenye ultrasaundi ya kwanza mara nyingi ndicho kile kitezi cha manjano, kinachoilisha mimba homoni mpaka kondo lishike kazi. Vingi hupotea kabla ya wiki ya 16. Kikilazimika kutolewa, miezi ya kati ndiyo salama zaidi. Dalili za hatari ni zile zile.

Kama umeshakoma hedhi

Hapa sauti yangu inabadilika. Mama wa miaka 55 anayelalamika tumbo kujaa, kushiba kwa tonge mbili, kukojoa mara kwa mara, na hali hiyo imekaa zaidi ya wiki mbili tatu, asipewe tena dawa za gesi. Apigwe ultrasaundi. Kifuko cha maji matupu kisichofika sentimita 5, upande mmoja, na CA-125 ya kawaida, hurudiwa kupimwa baada ya miezi 4 hadi 6. Kikiwa na nyama ndani, au pande zote mbili, au tumbo lina maji, aende kwa bingwa na si kwa mpasuaji wa kwanza anayepatikana, kwa sababu namna upasuaji wa kwanza wa saratani ya ovari unavyofanywa huathiri maisha yote yanayofuata. Kwa Tanzania safari hiyo mara nyingi hupitia Muhimbili na Taasisi ya Saratani Ocean Road. Kama mama yako, dada yako au mama mdogo aliwahi kuugua saratani ya titi au ya ovari, litaje bila kuulizwa.

Ukiambiwa upasuaji: maswali ya kwenda nayo

☐ Mnatoa kifuko peke yake au ovari nzima? Kwa nini?
☐ Ni kwa matundu madogo au kwa kufungua tumbo? Kama huku hakuna ya matundu, inaweza kusubiri rufaa?
☐ Mkikuta kitu tofauti nikiwa usingizini, mtafanya nini bila kuniuliza?
☐ Kinachotolewa kitapelekwa maabara gani, na jibu nitalifuata lini?

Hilo la mwisho lishikilie. Kwenye hospitali nyingi ndugu ndiye anayekabidhiwa kopo lenye dawa na kilichotolewa, akakipeleke maabara mwenyewe. Kopo hukaa siku tatu juu ya kabati kwa kukosa nauli, au jibu hutoka na hakuna wa kulifuata. Macho ya daktari hayatoshi kusema uvimbe haukuwa saratani. Maabara ndiyo inayosema. Panga mapema nani atabeba kopo na nani atarudi kuchukua jibu.

Na kwa wanaoniuliza kwa sauti ya chini: ndiyo, ukibaki na ovari moja nzima utaendelea kupata hedhi, na unaweza kushika mimba.

Sasa saa nane inakaribia. Geuza cheti, andika nyuma siku ya kwanza ya hedhi yako ya mwisho, dawa zote unazotumia pamoja na kijiti, na upande unaouma. Ukiitwa, ingia nacho mkononi, nje ya bahasha.